Si presha, si mapepo: Hofu inapouteka mwili

Mama yangu mdogo anaishi Uyole, jijini Mbeya. Mwanawe wa pili anasoma shule ya sekondari ya bweni mkoani Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Siku ya wazazi kutembelea watoto ikikaribia, nyumba nzima huwa inajua. Kuku anakaangwa usiku, karanga zinafungwa, sabuni na daftari zinapangwa kwenye begi, na alfajiri mama yuko stendi ya Nanenane akisubiri basi.

Asubuhi moja ya Agosti alipanda kama kawaida. Basi lilipita mteremko wa Inyala, ambao kila msafiri wa Mbeya anaujua kwa ajali zake. Abiria wakashusha pumzi, wengine wakasinzia. Basi lilikuwa limeshafika tambarare, kuelekea Igurusi, mashamba ya mpunga yakiwa pande zote, ndipo moyo wake ulipoanza kwenda mbio bila sababu yoyote aliyoiona.

Kwanza ulidunda kifuani, kisha akausikia hadi masikioni. Kifua kikabana. Hewa akaiona haitoshi, akawa anavuta kwa nguvu na bado haitoshi. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama inatembelewa na sisimizi, miguu ikalegea, jasho la baridi likamtoka. Kilichomtisha kuliko vyote ni kuona sauti za watu zikisogea mbali, kana kwamba yeye hayupo tena ndani ya basi. Alikuwa na uhakika wa jambo moja tu: anakufa, na atafia barabarani kabla hajamwona mwanawe.

Abiria walifanya wanachojua. Mmoja alimpepea kwa kanga. Mwingine alisema ni presha, atafutiwe dawa. Wa tatu alisema haya ni mapepo, akaanza kukemea kwa sauti. Mwingine alishafungua chupa ya maji ammwagie usoni. Konda akasimamisha basi, mama akashushwa na begi lake, akapelekwa kituo cha afya na baadaye hospitali.

Huko alipimwa presha, ikawa juu kidogo tu. Sukari ilikuwa sawa, malaria hakuna, wingi wa damu sawa, kipimo cha umeme wa moyo kikatoka safi. Mhudumu akamwambia kwa upole, "Mama, huna ugonjwa wowote, nenda kapumzike." Akarudi Uyole na kuku wake kwenye hotpoti. Kuku yule waliliwa na watoto wa jirani.

Neno lile, "huna ugonjwa", lilikusudiwa kumpa raha, lakini lilimwacha na swali zito zaidi. Kama si ugonjwa, ni nini kilichomkaba? Baada ya wiki mbili kikamrudia kanisani. Kikamrudia tena sokoni Mwanjelwa, kwenye msongamano. Akaacha kukaa viti vya mbele kanisani, kisha akaacha kwenda sokoni peke yake. Mabasi ndiyo hakutaka hata kuyasikia. Siku tatu za kutembelea zikapita hajaenda Iringa. Kijana akawa anapiga kwa simu ya matroni kuuliza mama anaumwa nini ambacho watu wanamficha.

Na mimi, ninayeandika habari za afya kwa kazi, ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Nilimwambia, "Mama, jikaze." Safu ya leo ni ya kurekebisha kosa hilo.

Kengele inayolia bila mwizi

Kilichompata mama mdogo kinaitwa shambulio la hofu. Ni hofu kali inayolipuka ghafla na kuushika mwili mzima. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Kwa wengi huisha ndani ya nusu saa, ingawa uchovu wake unaweza kubaki siku nzima.

Dalili zake ni za kweli. Mtu hajifanyi wala hadeki. Ili kuelewa, mfikirie mtu anayekutana na nyoka kwenye njia ya shambani. Kabla hajafikiri lolote, ubongo umeshapiga kengele. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili kusukuma damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi huongezeka ili kuleta hewa zaidi. Jasho hutoka kuupoza mwili. Tumbo husimamisha kazi yake, ndiyo maana mtu husikia kichefuchefu au haja ya ghafla. Yote haya ni kukuandaa ukimbie au upambane, na nyoka akiwepo, ndiyo yanayokuokoa.

Katika shambulio la hofu kengele ni ileile, lakini nyoka hayupo. Mwili umejiandaa kukimbia, na wewe umekaa kwenye kiti cha basi.

Tuzichukue dalili zinazotisha zaidi, moja baada ya nyingine.

Moyo kwenda mbio. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Katika hofu unaweza kupita 120. Ndivyo unavyokuwa pia mtu anapopanda mlima na mzigo kichwani. Moyo wenye afya umeumbwa kuimudu kasi hiyo kwa muda.

Kifua kubana. Mtu anapovuta pumzi kwa nguvu na haraka, misuli iliyo kati ya mbavu huchoka na kuuma, kama mguu unavyouma baada ya kukimbia.

Ganzi na kizunguzungu. Hapa ndipo wengi hushangaa. Anayehema haraka huhisi hewa haitoshi, kumbe anaitoa kupita kiasi. Hewa chafu ya kaboni inayotoka kwa pumzi inahitajika mwilini kwa kiwango fulani. Ikipungua sana, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo na kizunguzungu huja. Vidole na midomo hufa ganzi, na wengine vidole hujikunja vyenyewe. Hali hii hurudi kawaida pumzi inapotulia.

Kuhisi utazimia. Mara nyingi mtu huzimia presha inaposhuka, na hofu huipandisha. Ndiyo maana wengi huhisi wanakaribia kuanguka lakini hawaanguki. Wapo wanaozimia kweli, hasa wanaoogopa damu au sindano, lakini kwa shambulio la kawaida ni nadra.

Kujiona haupo, au kuhisi unapoteza akili. Ni matokeo ya hofu kali na kuhema kupita kiasi. Hupita. Si dalili kwamba mtu anaanza kuwa kichaa.

Hofu ya kuiogopa hofu

Kama shambulio huisha lenyewe, kwa nini linageuka kuwa ugonjwa unaomfungia mtu ndani?

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko ambao hadi leo ndio msingi wa tiba. Moyo unadunda kidogo, labda kwa uchovu au kahawa. Mtu anaitafsiri dalili hiyo kuwa ni kifo. Tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inamwaga adrenalini, moyo unadunda zaidi, naye anasema, "Si unaona? Nakufa kweli." Ni kama kuni na moto: dalili inaiwasha hofu, hofu inaichochea dalili.

Kisha huja kukwepa. Mama mdogo alishuka kwenye basi na moyo ukatulia. Ubongo wake ukahesabu kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa, wakati shambulio lingeshuka hata angebaki kitini. Safari iliyofuata hakupanda kabisa. Kila anachokikwepa mtu hupata nguvu zaidi juu yake, na dunia yake hupungua: leo basi, kesho soko, keshokutwa kanisa.

Jambo hili si la leo wala la watu dhaifu. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake waliokuwa wakilalamika mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na pumzi kukata, huku mioyo ya wengi wao ikikaguliwa na kuonekana haina kasoro ya kueleza hali hiyo. Miaka mingi baadaye daktari wa Australia, Claire Weekes, aliyewahi kuteswa na mapigo ya moyo yeye mwenyewe, alisaidiwa na rafiki aliyekuwa askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Rafiki huyo alimweleza kwamba mioyo ya askari nayo ilidunda hivyo, na kwamba kilichouendesha moyo wake ni kuiogopa hofu yenyewe. Mwaka 1962 Weekes alichapisha kitabu kwa ajili ya watu wa kawaida, na ushauri wake ulikuwa mfupi: ikabili, ikubali, jiachie kama anayeelea majini, upe muda nafasi.

Ndiyo sababu "jikaze" yangu haikufaa kitu. Kujikaza ni kupigana, na mwili unaopigana huongeza adrenalini.

Likija, fanya hivi

Haya ndiyo mama mdogo aliyofundishwa alipofika hatimaye kwenye kliniki ya afya ya akili. Yanafaa kusomwa ukiwa umetulia, ili siku ya siku usianze kuyatafuta.

Kwanza, lipe jina. Jiambie, kwa sauti ikibidi: "Hili ni shambulio la hofu. Limewahi kuja na likaondoka. Litapanda, litashuka." Kulipa jina hukata ile tafsiri ya kifo inayochochea moto.

Pili, kaa ulipo, kama mahali ni salama. Usikimbilie mlangoni. Ukiwa unaendesha gari au bodaboda, egesha pembeni kwanza.

Tatu, refusha pumzi ya kutoka. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lipande badala ya mabega. Toa taratibu ukihesabu hadi sita, kama unayepoza uji wa moto. Fanya hivyo kwa dakika chache. Usivute pumzi kubwa kubwa, kwa sababu ndizo zilizoleta ganzi. Na ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko achana nao. Kama tatizo ni pumu au moyo, unaweza kumdhuru mtu.

Nne, rudisha akili nje ya mwili. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Kwenye basi kuna vya kutosha: kiti cha mbele, kanga ya jirani, nguzo za umeme zinazopita dirishani.

Tano, acha dalili ziwepo. Hili ndilo gumu na ndilo lenye dawa. Usikague mapigo kila nusu dakika. Usijiulize, "Limeisha?" Moyo udunde, mikono itetemeke. Ukiacha kuudhibiti mwili, nao unaanza kuona hakuna vita.

Likipita, endelea na ulichokuwa ukifanya, hata kwa dakika 10 tu. Kama ni soko, nunua nyanya zako ndipo uondoke.

Ukiwa jirani yake kitini

Wengi wetu tutakutana na jambo hili kama watu wa pembeni. Mpe nafasi na hewa. Mtu mmoja azungumze naye, si basi zima. Muulize kama limewahi kumpata, na kama ana ugonjwa wa moyo, pumu au kisukari. Mwambie upo naye na hutaondoka. Hesabu naye pumzi taratibu.

Usimmwagie maji. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Usimwambie, "Huna kitu." Anayetaka kumwombea amwombee kwa sauti ya chini, inayotuliza. Makelele ya kukemea humwongezea mtu hofu, naye tayari anayo tele.

Nalisema hili kwa heshima. Mikoa yetu ni ya watu wa ibada, na maombi yamewapa wengi nguvu ya kuvumilia mengi. Mama mdogo mwenyewe aliombewa mara kadhaa na hajaacha kusali. Kilichomchelewesha ni watu waliomwambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, na mwingine aliyemweleza kwamba kuna jirani amemchezea. Hilo la pili lilitaka kuvunja urafiki wa miaka mingi.

Usijipime mwenyewe

Sasa tahadhari ambayo mzazi asiiruke. Shambulio la hofu hufanana na magonjwa mengine, na mengine kati ya hayo huua. Anayepata dalili hizi kwa mara ya kwanza apimwe hospitali. Upungufu wa damu, sukari kushuka, pumu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na hitilafu za mapigo ya moyo, vyote vinaweza kuleta moyo kwenda mbio na kutetemeka.

Nenda hospitali haraka, bila kusubiri, ukiona haya: maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono, taya au mgongo, au yanayokuja mtu anapofanya kazi nzito, maumivu ya kifua kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa, kupoteza fahamu, midomo kugeuka rangi ya bluu, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kupinda, homa kali, kukohoa damu. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni akikatwa pumzi ghafla, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, asiambiwe ni hofu. Apelekwe.

Vipimo vikitoka safi na mashambulio yakaendelea, usirudie vipimo vilevile kila mwezi kwa kila hospitali. Muulize daktari kuhusu huduma ya afya ya akili. Unaweza kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na kupewa rufaa. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Iringa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Najua neno "akili" linavyotisha. Mtu akilisikia anaifikiria Mirembe, Dodoma, na anaogopa kuonwa na jirani mlangoni. Mama mdogo mara ya kwanza alijifunika kanga hadi puani. Alikuta foleni ya watu wa kawaida kabisa, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa jirani yake.

Tiba ipo ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya mazungumzo, ambapo mtu hufundishwa kuzisoma dalili upya na kurudi hatua kwa hatua kwenye anavyovikwepa. Ya pili ni dawa, kama fluoksetini, ambazo daktari huziandika. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona mabadiliko, na hazikatishwi ghafla. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu, ambavyo baadhi ya watu hujinunulia bila cheti, hutuliza kwa saa chache lakini mwili huvizoea haraka. Pombe hufanya vivyo hivyo. Usiku inalegeza, asubuhi inarudisha hofu na riba.

Angalia pia kikombe chako. Tunaishi kwenye nchi ya chai ya Rungwe na Mufindi, na kahawa ya Mbozi haiko mbali. Sisemi tuache, lakini kafeini huongeza mapigo ya moyo, na kwa mtu mwenye mashambulio vikombe vinne vya asubuhi ni kuni kavu. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyotumia vijana kukesha na madaftari ni vibaya zaidi. Kukosa usingizi na kushinda na njaa navyo huchangia.

Kwa watoto wa shule

Mashambulio haya mara nyingi huanza katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima, kwa hiyo mzazi wa mtoto wa sekondari asome mara mbili. Mtoto hatakwambia, "Nina hofu." Atasema tumbo linauma kila Jumatatu, kifua kinabana wakati wa mtihani, hataki kwenda bwenini. Akipimwa na kuonekana mzima, usimwite mvivu. Muulize kinachomtisha: mitihani, ada, kuonewa na wenzake, au jambo zito zaidi ambalo mtu mzima amemfanyia. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, na kuipiga ni bure.

Nchi yetu ina somo la zamani kuhusu nguvu ya hofu shuleni. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikaenea hadi ikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakuona. Hakuna aliyekufa. Tukio lile halikuwa sawa na shambulio la hofu la mtu mmoja, lakini linatufundisha jambo linalohusu mabweni ya leo: mwili wa kijana unaweza kusema kilichomo moyoni, na taharuki ya wanaomzunguka huongeza tatizo. Wasichana wakianza kuanguka shuleni, umati, mayowe na kamera za simu haviwasaidii. Wanahitaji kutenganishwa kwa utulivu, kupimwa, na kusikilizwa.

Mtoto hujifunza hofu kwa kumtazama mzazi pia. Kama unayapata mashambulio haya, mweleze kwa lugha yake: "Mwili wa mama wakati mwingine hupiga kengele bila sababu. Inatisha, lakini inapita." Ukweli huo humpa utulivu kuliko siri. Binamu yangu alikuwa ameshajiaminisha kwamba mama yake ana saratani.

Ngazi ya kurudi Iringa

Mama mdogo hakupona kwa siku moja. Kwenye kliniki alisaidiwa kutengeneza ngazi, kuanzia jambo rahisi hadi gumu. Hatua ya kwanza ilikuwa kukaa ndani ya daladala iliyoegeshwa Uyole, dakika 15, halafu kushuka. Alicheka alipoambiwa, lakini siku ya kwanza alitetemeka. Akarudia hadi akachoka kutetemeka.

Hatua ya pili ilikuwa daladala hadi Mwanjelwa, akiwa na mtu. Ya tatu, peke yake. Ya nne, soko lenyewe saa nne asubuhi, siku ya watu wengi. Ya tano ilikuwa Igurusi, mahali pale pale, kwenda na kurudi. Sheria ilikuwa moja: hakuna kushuka kabla hofu haijaanza kushuka yenyewe. Kuna wiki alirudi nyuma ngazi mbili. Akaambiwa hilo ni la kawaida, aanze tena pale alipofikia.

Miezi kadhaa baadaye nilimsindikiza stendi ya Nanenane alfajiri. Kuku alikuwa kwenye hotpoti. Nilitaka kupanda naye, akanikatalia. Alikaa dirishani.

Jioni alinipigia kutoka Iringa.

"Shikamoo mama. Umefikaje?"

"Marahaba mwanangu. Lilinijia Igurusi."

Nikanyamaza.

"Likanishika hadi Chimala. Nikaliacha. Nikahesabu nguzo za umeme, nikala karanga. Tulipofika Makambako nikaona nimeshasahau kulihesabu."

"Na kijana?"

"Amekula kuku wote," akasema. "Ameniuliza kwa nini sikuja siku zote hizo. Nimemwambia ukweli."